Sheria ya Tarehe

3 Machi

Mdogo wangu,
Hujambo? Na huyo wa tumboni, bado anakupiga mateke? Mimi mzima, macho tu yanawaka kwa kompyuta. Ofisi ya vizazi na vifo imenipa kazi ya kusafisha kanzidata yao, zile kumbukumbu za kwenye mashine. Lo, uozo! Kuna mzee kafa miaka tisa kabla hajazaliwa. Basi nimeweka sheria kwenye jedwali: tarehe ya kufa lazima iwe baada ya tarehe ya kuzaliwa. Karani akikosea, mashine inakataa katakata. Bosi kanisifu mpaka nikaona haya. Mpwa wangu atakuta pa kuandikwa pako safi.

Mjomba mtarajiwa

9 Julai

Kaka,
Shikamoo. Habari za huko? Mimi nipo tu. Shemeji yako alishakueleza, sirudii. Simu zako niliziona, nikaziacha ziite.

Jana tumechukua cheti cha kifo. Mtoto alizaliwa tarehe tano mwezi uliopita, asubuhi, akatutoka mchana uleule. Cheti kinasema tarehe sita. Nikamwambia karani amekosea. Akajibu, "Mama, mashine haitaki kuzaliwa na kufa siku ileile. Watoto wa hivi tunawasogeza mbele siku moja, ndipo inakubali." Nikaikumbuka barua yako.

Kaka, tarehe sita asubuhi tulikuwa makaburini. Kwa sheria yako, tulimzika mzima?

Dada yako

17 Julai

Mdogo wangu,
Hata kukujulia hali naona aibu. Niliwawaza makarani wazembe, sikumwaza mtoto aliyeishi saa sita. Kosa ni langu. Sasa sheria inasema tarehe ya kufa isiwe kabla ya kuzaliwa, basi. Siku ileile inapita. Ya mpwa wangu nimeirekebisha mwenyewe, nikalia mbele ya wenzangu. Wengine waliosogezwa ni wengi, nawatafuta mmoja mmoja kwenye vitabu vya hospitali.

Cheti kipya hicho hapo. Cha zamani nirudishie kichanwe, ndio utaratibu. Nisamehe.

Mjomba

2 Agosti

Kaka,
Shikamoo. Cheti kimefika, na kiko sawa. Baba yake amekiweka kabatini. Nimekusamehe, ila usinipigie kwanza.

Kile cha zamani sirudishi. Waambie kimepotea. Najua ni uongo, lakini humo mwanangu alilala na mimi usiku mmoja.

Mama yake