Makofi ya Columbus

Tantine wangu,

Mko wazima huko Lyon? Baridi ya huku inauma masikio, lakini nashukuru. Tangu timu hii ya basketi initoe Ufaransa, kocha ananikalisha tu benchi: Louisville sikucheza, jana hapa Columbus vilevile. Baada ya mechi, rafiki yako Mama Neema akanipeleka kwake kula sombe, kisamvu kama cha nyumbani. King'ora cha moshi darini kwao kilikuwa kinalia pii, pii tangu Krismasi, kikidai betri mpya, na hakuna aliyekifikia. "Bon, Mungu ametuletea mrefu," akasema, akanipa betri. Nikanyoosha mkono tu, bila kiti. Kimya! Nyumba nzima ikapiga makofi, watoto wakaimba jina langu.

Kesho Buffalo. Endelea kuniombea, na Papa wangu akiuliza, mwambie Amerika wameshanishangilia.

Mwanao,
Josué