Kipoyi cha Sokulu

Butembo, tarehe 22 Mei 1960

Kaka Paulin,

Nakusalimu sana. Huko Beni u mzima? Hapa tu wazima sote: Edmond mume wangu, watoto watatu, na Sokulu. Babu yetu bado anataka aitwe hivyo kwa Kinande, hata na wanangu, ambao ni vitukuu vyake. Kikohozi cha tangu Pasaka kimepungua, ila miguu imekataa kabisa. Kila asubuhi nafua vitambaa vya watu wawili, vya Berthe wa miezi saba na vya mzee, na Gustave analia kwa nini yeye havai.

Basi sikiliza habari. Uhuru ni tarehe thelathini ya mwezi ujao, na Sokulu anataka kwenda uwanjani juu ya kipoyi. Ndiyo, kipoyi kilekile, kile kiti chenye miti miwili ambacho ujanani alibebea Wazungu toka Lubero hadi Beni. Bega lake lina nundu mpaka leo, Clémence wangu huibonyeza kama kengele. Edmond amekwisha kukata mianzi ya kutengenezea kingine. Wabebaji ni wanne: Edmond, jirani Zorobabel, Kakule mshona viatu, na wa nne ni wewe. Kwa furaha hata chumvi nimetia mara mbili kwenye maharagwe.

Mdogo wako,
Adèle

Beni, tarehe 31 Mei 1960

Mdogo wangu Adèle,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Mimi nina afya, ingawa bureau, ofisi yetu, siku hizi ni mzinga wa nyuki: orodha, ngoma, bendera, kila mtu anapiga kelele na kila mtu anacheka.

Lakini kipoyi, hapana. Tunawaondoa Wazungu, ninyi mnarudisha kiti chao? Vijana wa chama watatupiga mawe. Na mimi karani mwenye tai nibebe mtu mbele ya watu? Nitatuma camion, lori la rafiki yangu Gérard, Sokulu akae mbele na dereva kama mheshimiwa. Mimi siku hiyo nitabaki hapa. Chef, mkuu wangu wa kazi, ameniambia nishike kamba ya bendera.

Kaka yako,
Paulin

Butembo, tarehe 9 Juni 1960

Kaka Paulin,

Nakusalimu, na leo salamu ni fupi. Nilimsomea Sokulu barua yako. Hakukasirika. Alisema: “Umuandikie, camion hapana na bega. Mimi nilibeba bazungu myaka kumi na mbili, hata siku moja mutu hapana kunibeba. Nataka nione, kule juu banaonaka nini.”

Sasa kuna jambo baya. Tangu Jumatatu hali chakula. Nilidhani ni ugonjwa, kumbe anajipunguza. “Mubebwaji muzito, babebaji banamulaani ku njia,” anasema. “Sisi tulibalaani sana.” Uji wake anampa Gustave. Gustave ananenepa, mzee anabaki mifupa. Infirmier wa zahanati amesema akiendelea hivi hataiona tarehe thelathini. Naogopa, kaka.

Na jingine nikuambie. Tangu mama afariki, miaka minne sasa, mzee huyu namwinua peke yangu, mtoto akiwa mgongoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana wewe unaniandikia habari za tai. Sikuombi camion. Nakuomba bega, siku moja tu.

Mdogo wako,
Adèle

Beni, tarehe 15 Juni 1960

Adèle, msomee Sokulu hii kwa sauti, sahani ikiwa mbele yake.

Sokulu wangu, nakuamkia kwa heshima. Tangu Jumamosi, kabla ya kuingia bureau, nabeba magunia ya kahawa kwenye depo ya Gérard. Siku ya kwanza wapakizi walinicheka. Leo nimefikisha gunia la kilo sitini bila kulitua. Ukinijia na kilo thelathini utaniaibisha, watu watasema mjukuu wako amebeba kuku. Kwa hiyo kula. Kula samaki wa Kyavinyonge niliyemtuma kwa dereva. Kamba ya bendera nimempa mwenzangu Roger.

Swali langu ni moja: bega lipi?

Mjukuu wako,
Paulin

Butembo, tarehe 21 Juni 1960

Kaka yangu Paulin,

Leo nakusalimu mara tatu. Hatujambo, hatujambo kabisa. Sokulu alicheka habari ya kuku hadi akakohoa, akaomba samaki, akala na kichwa, kisha akauliza bugali uko wapi. Gustave amenuna.

Jibu lako: kushoto, nyuma. Wewe ndiye mrefu, na njia ya uwanjani inapanda, sasa mrefu akikaa mbele mzee atateleza. Anafundisha hata watoto. Jana Clémence na Gustave walimbeba Berthe ndani ya kikapu mpaka kwa Zorobabel, naye akarudi amelala. Njoo tarehe ishirini na nane. Mzee anataka kupima mabega yenu kwa macho yake.

Mdogo wako,
Adèle

Beni, tarehe 12 Julai 1960

Mdogo wangu Adèle,

Salamu kwenu nyote. Mnaendeleaje? Bega langu limechubuka, wala silitii dawa, nalionea fahari.

Tulipoagana uliniuliza kwa nini siku ya uhuru Sokulu alishuka kwenye kipoyi katikati ya njia, akakuamuru wewe upande na Berthe wako mgongoni. Ulidhani mbavu zinamuuma. Kakule akamchukua mzee mgongoni, na kijana mmoja wa chama, wa wale wale niliowaogopea mawe, akashika nafasi ya Kakule. Wewe ulilia kwa haya, wanawake wakapiga vigelegele. Sababu naijua mimi. Alikuwa amegeuka nyuma, akainama sikioni mwangu: “Paulin, kule juu hapana kitu. Banaonaka tu shingo ya babebaji. Donc, kumbe balituona, kila siku balituona. Munishushe. Ule mwenye ananibebaka kila siku, apande.”

Hapa Wazungu wanafunga masanduku. Nimepewa kiti cha chef wangu, cha ngozi. Nimekikalia siku mbili. Karani mdogo anaandika akinipa mgongo, naona shingo yake tu. Basi nimeomba kuhamia Butembo, karani wa kawaida, kuanzia Agosti. Wamenicheka, wakakubali. Chumba cha mama bado ki wazi?

Sasa nakuuliza wewe: bega lipi?

Kaka yako,
Paulin

Butembo, tarehe 18 Julai 1960

Kaka Paulin,

Nakusalimu. Sote wazima, na mzee anakula. Barua yako nililia nayo jikoni, kisha nikacheka peke yangu, Clémence akadhani ni moshi.

Kushoto, nyuma. Chumba cha mama nimekifagia. Siku ya kumwogesha Sokulu ni Jumamosi. Maji yawe ya vuguvugu, na usimwamini akisema miguu tayari imeoshwa. Uji wa Berthe uko kwenye sufuria ndogo. Gustave akitaka wa mzee, mkatalie. Fika Ijumaa ya kwanza ya Agosti, kabla jua halijazama, nikuonyeshe vitu viko wapi.

Jumamosi hiyo mimi nitalala mpaka nichoke kulala.

Mdogo wako,
Adèle