Kimya cha Darasa la Nne

Alhamisi, Kibirichia

Wale watoto walinitisha kwa kunyamaza. Nilikaa kwenye kigoda, nyatiti, zeze letu la nyuzi nane, ubavuni, pete ya chuma ya kugongea mbao yake kwenye kidole cha mguu, nikapiga. Hakuna aliyetikisika. Kwetu Siaya watu wakikaa kimya hivyo, mpigaji ameshindwa, afunge vyombo aende.

Nikawaza, kumbe nyuzi hizi nimezibeba bure mpaka huku nilikokuja kuvuna viazi vya watu. Huku hazina wa kuzisikiliza...

Kumbe mwalimu wao, Kananu, aliwaonya kabla sijaingia: mgeni akipiga, mikono ikunjwe na midomo ifungwe. Nikamwambia, "Mwalimu, wafungulie. Sisi mtu akisikia utamu anamsimamisha mpigaji, anajisifu yeye na watu wake, ndipo muziki unaendelea."

Akacheka. "Haya, nani atajisifu?"

Nikapiga tena. Msichana mmoja wa nyuma akaruka juu. "Mzee, ngoja hapo! Mimi ni Makena! Baba yangu akianza kulima, hata punda wanaomba likizo!"

Darasa zima likapiga kelele. Tangu hapo sikumaliza wimbo hata mmoja, kila mtoto ananisimamisha. Mmoja alimsifu nyanya yake kwa kukoroma.

Kidole changu cha kupigia nyuzi kimepasuka na kesho kuna magunia ya viazi ya kujaza. Lakini Mwalimu anasema darasa la tano wamesikia zile kelele na wanataka zamu yao Jumatatu. Nitapiga, hata kama ni kwa vidole viwili.