Kutu Kwenye Lori Letu

Jumatatu, 3 Februari

Chai. Dawa za Hamisi. Kumkunjua vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, naye kanuna. Halafu uani, kuwasha lori lingurume kidogo, betri isife. Ndiyo asubuhi zangu tangu mume wangu apigwe na kiharusi.

Leo nikifuta vumbi la simenti nimeona rangi imevimba chini ya mlango wa abiria, kama ngozi iliyoungua. Nimebonyeza. Kidole kikazama.

Shabani, kaka mkubwa wa Hamisi, alikuwa amekuja kumjulia hali. Akaniona nimeduwaa. "Shemeji, hii gari ishaoza. Wacha watu wa vyuma chakavu waikate." Amesema kwa sauti, na dirisha la chumba liko wazi. Nilipoingia, Hamisi alikuwa amegeukia ukutani. Hajasema neno linaloeleweka tangu augue. Kusikia anasikia.

Namchukia Shabani. Kesho labda nitatubu. Leo namchukia.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeliendesha mwenyewe mpaka Busia. Askari wa barabarani amenitazama mara mbili, kama kawaida. Mimi na Hamisi tumekuwa tukiliendesha kwa zamu tangu tuoane, bado watu wanashangaa.

Fundi Wandera ana karakana upande wetu wa mpaka, wa Uganda, nyuma ya maghala. Amelizunguka lori na bisibisi, anagonga kwa mpini. Penye chuma kizima palilia. Penye kutu palijibu kama boksi lililolowa. Nilijifunza sauti hiyo haraka, nikatamani nisiisikie tena.

Amenionyesha makosa yetu bila kutusema. Tulibeba samaki wa chumvi kutoka ziwani, maji yao yakapita chini ya mkeka wa kabini. Tope la njia ya Lumino limeshika ndani ya madigadi, halikauki. Vitundu vya chini ya mlango, vya kutolea maji, vimezibwa na rangi. Na fundi fulani wa zamani alipaka puti, ule udongo wa kuzibia matundu, juu ya kutu. Kutu ikaendelea kula, imejifunika shuka.

Sakafu anaiweza. Mlango anauweza. Tatizo ni nguzo inayobeba bawaba za mlango.

"Hiyo siahidi, Mama Rashidi," kasema. "Nguzo ikiwa imeoza mpaka ndani, kabini imekwisha."

Nimeacha lori. Nimerudi nyumbani Tororo mikono mitupu.

Jumapili, 9 Februari

Uani pana doa la oili mahali lilipokuwa. Hamisi amelitazama doa hilo tangu asubuhi. Hakutaka mazoezi. Uji ameusukuma.

Shabani kaja tena. Keshaongea na mnunuzi wa vyuma, atampeleka karakana Jumamosi. Hakuniuliza. Yeye ndiye mkubwa, anasema, na gari bila dereva ni banda la kuku. Nilitaka kumwambia dereva ni mimi. Nikanyamaza kwa ajili ya mgonjwa. Kunyamaza kumeniuma kuliko kugomba.

Jumatano, 12 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Hamisi alinishika kanga, akaonyesha msumari tunaotundikia funguo za lori. Nikaelewa anataka kulifuata. Jirani katupeleka kwa gari lake.

Karakanani tumemkalisha juu ya tairi. Wandera alikuwa amekwisha kukata sakafu, ameilehemia bati jipya. Safi. Akafika kwenye nguzo. Akachora alama kwa chaki, sehemu ndogo tu, akasema atakata hapo, atabandika bati, juu yake puti. Itatosha.

Hamisi akasema, "Kata."

Neno zima. Sauti nzito ya kutu, lakini neno. Ningefurahi. Sikufurahi. Nilidhani anamjibu Shabani, kwamba lori likatwe lote. Nimelia mbele ya mafundi, sina aibu.

Kumbe sivyo. Aliinuka akiegemea bega langu, akachukua chaki kwa mkono wa kushoto. Akachora mstari mwingine, juu sana ya ule wa Wandera, karibu na paa. "Kata," tena. Akamkazia fundi macho.

Wandera akasita, kisha akacheka. "Sawa, mzee. Tufuate mpaka penye uzima."

Amekata. Ndani kumetoka tope jeusi na magamba ya kutu, mengi. Lakini pale kwenye mstari wa Hamisi chuma kilikuwa kinang'aa.

Nina furaha inayoogopesha.

Ijumaa, 14 Februari

Tumevuka upande wa Kenya, mimi na Wandera, tukapata nguzo kwenye lori lililopinduka, la aina moja na letu. Nzima. Imelehemiwa kabla ya adhuhuri.

Halafu mvua. Si msimu wake. Upepo ukang'oa turubai, chuma chote tulichokwisha kukisafisha kikalowa kabla hakijapata praima, rangi ya kuzuia kutu. Baada ya saa chache kilikuwa kimegeuka rangi ya chai. Nimekaa chini. Nimechoka mpaka kwenye meno.

Wandera anasema ni kutu ya juu tu, msasa utaitoa. Kesho Shabani anakuja na mtu wake. Atakuta hali hii.

Jumamosi, 15 Februari

Tumeanza mapema. Wandera na brashi ya waya, mimi na msasa, Hamisi na msasa. Yeye amesimama, kifua kimeegemea mlango, mkono wa kushoto unakwenda na kurudi. Ule wa kulia ameuweka juu ya bati, utazame mwenzake.

Shabani kafika na mnunuzi. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Sikuyatumia. Alisimama langoni akimtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Akamrudisha yule mtu. Kisha kwangu, taratibu:

"Hukuniambia anaweza kusimama."

"Hukuuliza, shemeji."

Akavua koti. Ameshika mlango wakati Wandera anafunga bawaba. Analalamika kuhusu mgongo, na hakuondoka. Ameogopa kumzika ndugu yake, akaanza na lori. Nadhani ndivyo. Sijamsamehe yote.

Chuma kikafutwa kwa thina, kikakauka, kikapata praima kabla ya jua kuzama.

Jumatano, 19 Februari

Rangi. Buluu mpya haifanani na ya zamani, mlango umekuwa kama kiraka kwenye shati. Wandera kazibua vitundu vyote, akanyunyiza oili chafu ndani ya nguzo na milango ili maji yasipate pa kukaa. Ameniambia ukweli: kutu haiishi, inazuiwa. Nioshe tope kila safari, nibonyeze kila mwezi. Nimeupenda ukweli huo kuliko ahadi.

Jumapili, 23 Februari

Tumekwenda Nabuyoga, kubeba mihogo ya Mama Owor, mteja wetu. Mzigo wa kwanza. Mimi kwenye usukani, Hamisi kiti cha abiria, kiwiko nje ya dirisha. Asubuhi ya baridi, watu wanakwenda kanisani kando ya barabara, mlima wa Tororo nyuma yetu.

Penye makorongo nikaongeza gia. Akaugonga mlango kwa vidole.

"Taratibu."

Tangu ujana amekuwa akinirekebisha hivyo, kila korongo, kila kona. Kila mara naudhika.

Nimeudhika. Nikapunguza mwendo.