Kilo Tatu Nilizokuongezea

Mwaka umetimia, mama watoto, tangu asubuhi ile ulipokata pumzi, dada yako akiwa amekushika mkono na mimi nimekushika miguu, kwa sababu ulisema miguu ndiyo inayosikia baridi. Watoto walitaka tangazo la kumbukumbu lenye picha na maneno mazuri. Nikawaambia, niachieni mimi. Shule niliipata vipande vipande, darasa hapa, darasa kule, lakini ninayotaka kukuambia hayahitaji shule kubwa. Wanaosoma na wasome.

Wengi wao wanakujua. Fundi wa nguo za kike, chumba cha mbele, cherehani imetazama barabara. Futi ya kupimia ilikaa shingoni mwako toka unaamka mpaka unalala, ndiyo maana mtaa mzima ulikuita Bi Futi. Ulikuwa unamtazama mtu anapita tu, ukaniambia kiuno chake. "Yule themanini na mbili, na anajidai sabini." Halafu siku hiyo hiyo unamshonea gauni la kumpendeza. Mteja akileta kitambaa kidogo hukumwambia hakitoshi. Ulitafuta kipande kinachofanana, ukakiunga kwa ndani, akaondoka bila kujua.

Dosari yako ilikuwa moja, nayo ni ya mafundi wote: "Njoo kesho."

Mimi ni fundi wa mizani. Wenye maduka, wenye mabucha na wenye maghala huniita mizani zao zikianza kusema uongo. Miaka thelathini na tisa nimezunguka na sanduku langu la mawe ya kupimia, mji huu wiki hii, mji ule wiki ijayo. Ukanibatiza Ratili. Wageni wakiniulizia uliwajibu, "Mume ninaye, ila yuko njiani."

Ulipougua mara ya kwanza nilikuwa njiani. Walipokata titi la kushoto nilikuja siku mbili, nikarudi kazini. Nilisema ni kazi. Ilikuwa woga. Dada yako akafunga nyumba yake akaja kukuuguza miezi minane. Siku daktari aliposema umepona, ulinipigia simu nikiwa nimepiga magoti chini ya mizani ya magunia.

"Ratili, nimepona."

"Nilijua tu," nikajibu.

"Ulijua nini, na hukuwepo?" Ukacheka. Mimi sikucheka.

Tukaishi miaka sita tukidhani yamekwisha. Kisha mgongo ukaanza. Ulisema ni cherehani. Tukabadilisha kiti, tukaongeza mto. Haikuwa kiti. Ile saratani ilikuwa imerudi, safari hii kwenye mifupa.

Mara ya kwanza watu waliogopa pamoja nasi, mpaka tukaazima viti vya wageni. Mara ya pili walichoka nasi. Wakatuma salamu. Siwalaumu, hata sisi tulikuwa tumechoka kabla hatujaanza. Hospitali ile tulishaijua: ngazi kumi na saba, benchi lenye mguu mfupi, bomba linalodondoka kwenye korido. Kinachochosha ni kuijua njia. Muuguzi mnene wa dirishani alipokuona alisahau hata kukuamkia.

"Mama, umerudi?"

"Nilisahau mwavuli wangu," ukamwambia.

Akacheka sana, kisha akageukia kabati akawa anatafuta kitu ambacho hakipo.

Jioni ile ukaniweka kitako. "Sikiliza, Ratili. Kama unataka kwenda, nenda kesho. Usikae hapa huku roho iko stendi."

"Siendi popote."

"Basi nina ombi moja. Wote wataniambia nitapona. Wewe, nikikuuliza kitu, niambie kilivyo. Nataka mtu mmoja tu wa kuniambia kilivyo."

"Nitakwambia."

"Apa."

Nikaapa.

Daktari alikupa vidonge vya kumeza nyumbani. Alitueleza sote wawili, taratibu, kama anayefundisha: vinasaidia, lakini vinakula mwili, na vinachubua viganja. Upimwe uzito kila Jumatatu. "Akishuka chini ya kilo arobaini na tano, aache vidonge siku hiyo hiyo, mje. Msisubiri tarehe."

"Na nikiacha, mikono inarudi?" ukauliza.

"Ukiwahi kuacha, inarudi pole pole."

Tulipotoka ukaniambia kuna vitambaa kumi na moja vya wateja kwenye kapu. "Sitaki kufa na vitambaa vya watu, Ratili. Nikiona siponi, nataka wiki chache za mikono yangu." Nikaitikia kwa kichwa. Nilisikia, sikuelewa.

Nikaleta mizani nyumbani, ile bapa ya kusimama, nikaipima kwa mawe yangu mpaka ikanyooka. Jumatatu ya kwanza, arobaini na tisa. Ya pili, arobaini na nane. Halafu arobaini na sita. Kila uliposhuka, chakula kilikushinda siku mbili, ukageukia ukuta. Jumapili moja mchana ukiwa umelala, niliigeuza mizani kifudifudi, nikafungua skrubu nne, nikaigusa springi. Bila mtu, mshale ulikaa sifuri kwa adabu zake zote. Mtu akisimama, unampa kilo tatu za bure. Mimi, ambaye nimewaumbua wenye mabucha kwa robo kilo.

Kesho yake ukapanda. Arobaini na saba.

"Dada!" ukamwita dada yako, aliyekuwa amerudi kukuuguza, atoke jikoni. "Njoo uone, nimepanda!"

Ukala sahani nzima, ukaimba ukipiga pasi. Nikajiambia, si dawa hiyo? Wiki zilizofuata ukashuka tena kidogo kidogo, lakini kwa zile kilo tatu zangu ukabaki juu ya mstari wa daktari. Wiki tano. Wiki tano nzima ukaendelea kumeza vidonge ulivyotakiwa kuviacha siku ya kwanza. Viganja vikawa vyekundu, vikatoka ngozi. Vidole vikafa ganzi. Sindano ilikuchoma usijue mpaka uone damu kwenye kitambaa cha mtu. Magauni yako yakaanza kuning'inia. Siku moja nikaona futi mpya shingoni mwako, ya manjano. Niliiona. Sikuuliza.

Tarehe ya hospitali ikafika. Mizani yao ikasema arobaini na mbili. Muuguzi mnene akaipiga kofi, akakushusha, akakupandisha tena.

"Mama, nyumbani mnapimia nini?"

Ukageuka ukanitazama, kidogo tu. Kisha ukamwambia, "Yetu imezeeka, kama mwenyewe."

Daktari akavisimamisha vidonge. Nyumbani ukakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Kilo ngapi, Ratili?"

"Tatu."

"Toka lini?"

"Wiki tano."

Dada yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Shemeji, umemfanya nini mtoto wa mama yangu?"

"Dada, tuache," ukamwambia. Ukaivua ile futi ya manjano ukaiviringisha kwenye vidole visivyosikia. "Futi iliniambia. Wiki ya pili tu niliona kiuno kimekwenda. Nikasema hapana, mume wangu ni fundi wa mizani, hawezi kunikosea kilo. Labda futi ndiyo imenyumbuka. Nikanunua nyingine."

Nikaigeuza mizani kifudifudi, nikaanza kufungua skrubu.

"Hukutaka nife," ukasema. "Hilo najua. Lakini umekula wiki zangu za mikono."

Siku mbili hukunisemesha. Nilivuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda, nikalifunga, nikalifungua, nikalifunga. Miguu ilikuwa inanijua. Nilifika mpaka mlangoni nalo, nikasimama pale kama mtu aliyesahau alikuwa anatafuta nini, nikalirudisha. Siku ya tatu asubuhi ukaita, "Wewe wa mizani! Mikono unayo? Njoo."

Ukanikalisha kwenye cherehani. Wewe umejilaza kwenye godoro pembeni, mimi nakanyaga, unaniongoza kwa mdomo.

"Fumua."

"Mbona uko sawa?"

"Mshono umelewa huo. Fumua."

Dada yako alicheka mpaka akashika ukuta, cheko lake la kwanza tangu siku ya mizani. Kwa wiki mbili tukamaliza vitambaa vitatu. Gauni la tatu lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Ukasema mwenye gauni huvaa amejishika kiuno, hataona.

Kisha ukawa huwezi kukaa tena. Asubuhi moja ulikuwa unalitazama kapu kwa muda mrefu. Vilibaki vinane.

"Ratili. Nitavimaliza?"

Dada yako akawahi. "Utamaliza, kwa nini usimalize? Ukila vizuri utamaliza."

Hukumwangalia. Ulikuwa unanisubiri mimi. Nilikuwa na uzi mdomoni, nikautoa.

"Hapana," nikasema. "Hutavimaliza."

"Hata kwa mikono yako?"

"Hata kwa mikono yangu. Siku hazitoshi, mke wangu."

Dada yako akatoka nje. Wewe ukashusha mabega, ukavuta pumzi ndefu, ya kwanza kwa siku nyingi. "Basi waite," ukasema. "Waje wachukue vya kwao. Nitawapa mwenyewe."

Wakaja. Siku mbili mlango haukufungwa. Alikuja hata mke wa mwenye bucha, aliyetupotea tangu uugue tena, akasimama kizingitini hajui aweke wapi macho yake. Ukamwambia apite, asiwe mgeni. Alikuja mwalimu mkuu, mwenye domo lake.

"Miezi mitano, fundi! Miezi mitano unaniambia kesho!"

"Nilikwambia kesho," ukamjibu. "Sikukwambia ipi."

Akaketi sakafuni na suti yake, akacheka na kulia kwa pamoja.

Kila mmoja ulimpa kitambaa chake kimekunjwa, na vipimo vyake nimeviandika kwenye karatasi kama ulivyonitajia kwa kichwa, hukupima hata mmoja. Na kila mmoja ulimwambia siri ya mwili wake, kwa kunong'ona. "Fundi mwingine mwambie bega lako la kulia limeshuka, aweke kitambaa ndani." "Wewe usikubali kiuno cha juu, kinakubana tumbo, halafu unakasirikia watu." Wakatoka wamebeba vitambaa vyao kifuani. Hakuna aliyekuaga, na wote waliaga.

Alipoondoka wa nane ukaniambia niligeuze kapu, nilikung'ute. Zikadondoka pini mbili na kifungo.

"Si ulisema sitamaliza?" ukaniambia. "Haya, nimemaliza."

Baada ya siku nne ukaenda.

Watu wananiuliza hali, nawajibu nzuri, maana ndivyo watu wanavyojibiwa. Wewe nakwambia ilivyo: nimechoka. Naamka nimechoka. Mwaka huu sijalala hata siku moja nje ya nyumba hii, na nilipokuwa nikihitajika humu miaka yote ile, nililala kila mahali. Hilo halina springi ya kugusa.

Unakumbukwa na mimi mumeo. Na binti yetu mkubwa na mumewe. Na kitindamimba wetu, ambaye sasa ndiye anayekaa kwenye cherehani, na mishono yake hailewi. Na wajukuu wako watatu, ambao mdogo wao hukumwona. Ana mabega yako. Na wifi yako. Na dada yako, ambaye zile kilo tatu hajanisamehe, lakini kila mchana ananipakulia chakula na kusimama pale mpaka nimalize.

Hututoki moyoni, Bi Futi, leo wala siku yoyote iliyo mbele yetu.