Mstari Mwekundu wa Mwalimu Kabula

Jumatatu, 12 Mei
Nyufa za ukuta nimeziba. Bluu imebaki nusu kopo, nyekundu ipo ya kutosha. Vipindi vikiisha kazi yangu ni moja: kupaka upya ramani ya Afrika iliyo ukutani, nje ya darasa la sita. Mwalimu Kabula aliichora mwenyewe, mimi sijaanza hata shule. Ijumaa ya wiki ijayo anastaafu, na somo lake la mwisho atalitoa mbele ya ramani hiyo. Wazazi watakuja, na sisi aliotufundisha zamani. Mtaa mzima wa Mkolani, ukimsikiliza mwalimu mkuu.

Jumanne, 13 Mei
Leo nimechungulia dirishani Mwalimu Kabula akifundisha mabara. Jiko la mkaa mbele ya darasa, sufuria ya maziwa juu yake. Utando ukishika, anawaita watoto wasogee. Maziwa yanatokota chini, utando unatikisika, unapasuka. Kipande kimoja kinakwenda huku, kingine kinajikunja kwenye ukingo wa sufuria. "Hiyo mikunjo ndiyo milima," anasema. "Na sisi tumekaa juu ya utando." Kisha anawaonyesha Brazili na Afrika Magharibi, jinsi pwani zao zinavyooana. Zilikuwa nchi kavu moja, zikaachana.
Mara ya kwanza kuona sufuria ile nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilirudi nyumbani nakanyaga taratibu. Ndiyo iliyonifanya mwalimu. Nampenda sana huyu mama.

Alhamisi, 15 Mei
Balaa. Nilifungua kitabu kipya ninakili vizuri Bonde la Ufa, pale utando wa Afrika unapoanza kuachana. Kumbe ufa una matawi mawili. La magharibi limebeba Ziwa Tanganyika. La mashariki linapita Natroni na Manyara. Ziwa letu, Victoria, liko katikati, halimo kwenye lolote. Ardhi ya magharibi iliinuka, mito iliyokuwa ikielekea huko ikakosa njia, maji yakatuama.
Ukutani, mstari mwekundu ambao Mwalimu aliuchora kuonyesha ufa unapasua katikati ya Ziwa Victoria.
Nimetazama vitabu vingine viwili. Vinakubaliana. Na mimi nimefundisha mstari huo miaka sita bila kukagua. Amesema Mwalimu Kabula, nikague nini? Halafu watu wa Mwanza tunavyojiona: ufa mkubwa wa Afrika, utaachaje kupita kwetu?

Jumamosi, 17 Mei
Nikiuhamisha kimya kimya, atanyoosha kijiti chake mbele ya watu aukose. Nikiuacha, watoto wataondoka na uongo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeukoleza rangi. Nikimwambia, namharibia siku yake ya mwisho.
Mwoga mimi. Nimeshinda na hasira, nimemgombeza hata paka.

Jumapili, 18 Mei
Nimekwenda nyumbani kwa Mwalimu, mtaa wa Pasiansi, baada ya ibada. Shikamoo, marahaba, chai, habari za nyumbani. Kisha nikafungua kitabu. Alisoma ukurasa mara mbili, akavua miwani.
"Sawa, Makoye. Nimekusikia."
Basi. Siku zote hunisindikiza mpaka barabarani. Leo hakuinuka. Najuta.

Jumatano, 21 Mei
Mimi na Mwalimu, salamu tu. Ramani yote imekauka, mstari sijaugusa. Walimu wanauliza mbona nachelewa. Nawaambia nasubiri rangi. Uongo mwingine.

Ijumaa, 23 Mei
Niandike yote kabla sijasahau.
Jiko, sufuria, maziwa, kama siku zote. Utando ulipopasuka watoto walishangilia. Kisha akageukia ramani. Nilitazama viatu vyangu.
"Hapa nimewadanganya watu miaka mingi," akasema. "Wengine ni hao wamekaa kwenye viti."
Watu wakacheka, wakidhani utani. Hakucheka. Akasema wiki hii alikwenda mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, kuwauliza wavuvi kama kamba zao hufika chini. Zinafika. Akampigia simu shemeji yake aliye Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Kule, ukishaacha ufuko, kamba haifiki popote. Ndipo akakaa na kitabu akapima nyuzi mbili, mmoja kwa kina cha kila ziwa, na sasa akawapa watoto wazinyooshe. Uzi wa ziwa letu, mfupi kama kidole. Uzi wa Tanganyika ulimzidi urefu mtoto aliyeushika.
"Ufa unachimba hivi," akasema, akionyesha ule mrefu. "Sisi tuko kwenye sahani."
Akaniita nimpe brashi. Mstari aliufuta mwenyewe kwa bluu, kisha akachora miwili mipya, mmoja kila upande wa ziwa. Mzee mmoja, mwanafunzi wake wa kwanza kabisa, akaanza kupiga makofi. Nililia mbele ya wazazi na sioni aibu. Sijawahi kumwona mwalimu mkubwa kama yule.
Tukikunja viti akaniambia, "Nilikukasirikia siku moja. Siku zilizobaki nilikuwa nasoma."

Jumatatu, 26 Mei
Kiti chake ofisini kitupu. Hakuna aliyekikalia.
Chini ya bluu, mstari wa zamani unaonekana kwa mbali. Nilitaka kupaka mara ya pili, lakini Ijumaa alinikataza. Alisema niuache watoto wauone.
Msichana wa darasa la sita ameniuliza ule ni mto gani ndani ya ziwa. Nikamwambia hapo ndipo Mwalimu Kabula alipojisahihisha. Akaandika kwenye daftari.
Nikawasha jiko, nikabandika maziwa.