Saa Uliyoiacha Kwenye Kompyuta

Bwera, Kasese
14 Septemba 2014

Kaka yangu mpendwa Tsongo,

Hujambo huko Nagoya? Mwili je, na kazi ya kiwandani? Sisi wazima, ila mgongo unamsumbua Mama tangu tuanze kuvuna kahawa. Mvua imeshika, barabara ya Kyondo ni tope tupu.

Jamani, nimekukumbuka! Tangu uondoke nyumba imepoa. Chumba chako hajapewa mtu, na kila anayekiomba Mama anamjibu kwa ukali.

Kompyuta yako ipo. Betri imekufa, umeme ukikatika nayo inazimika. Jioni naiwasha, kisha nafungua ile kompyuta nyingine uliyoijenga ndani yake, yenye Windows ya zamani ya Kijapani, maana michezo yako ya Kijapani inagoma kabisa kwenye Windows hii mpya. Maandishi siyajui hata moja. Nabonyeza tu pale nilipokuwa nakuona ukibonyeza. Mama anampenda yule msichana wa mchezoni anayelima mlimani, anamgombeza kama binti yake: "Palilia, wewe, acha kutembeatembea!" Tunacheka, halafu tunanyamaza, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukitufasiria.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Mama amelia sana mwezi huu. Akikupigia hupokei, na siku moja ulimkatia. Akaanza kusema umemchoka. Nikamuuliza anapiga saa ngapi, akanionyesha kwa kidole kona ya hiyo mashine yako ya ndani, imeandika 2:00.

"Si saa mbili hii? Sisi tumekula, na yeye amekula."

Masikini Mama! Unakumbuka uliiwekea mashine hiyo saa ya Japani ili michezo ikubali kufunguka. Mama naye saa yake ni ya redio. Redio ikitangaza saa mbili ya usiku, na mashine yako inaandika mbili, basi kwake yamekwisha: saa yenu na yetu ni ile ile. Kumbe hiyo mbili ya Wajapani ni saa nane ya usiku, na wewe umelala hoi. Hata mimi nilikuwa sijaliona jambo hilo.

Nilimweleza taratibu. Akaikazia macho tena ile mbili, nikadhani hajaniamini. Halafu akasema kwa kile Kiswahili chake cha soko la Mpondwe, "Kumbe mutoto hakunichoka. Alikuwa analala." Akajifuta macho kwa kitenge, akaenda kufunika moto.

Kaka, piga wewe, Jumapili tukitoka kanisani. Hana shida ya kitu, anataka sauti yako tu. Na mimi pia naitaka, sikufichi.

Shangazi Tabisa wa Kyondo anakusalimu, na Ronah na watoto wake kule Munkunyu. Mjomba Benon anauliza kama huko mnapata ugali.

Huyo Benon amenikumbusha. Siku hizi redio ikitangaza saa mbili, Mama anaizima mwenyewe na kuwafukuza watoto wa jirani uani. Jana mjomba alikuja, akaangua kicheko chake kile unachokijua. Mama akamziba mdomo kwa kiganja: "Pole pole, Tsongo iko analala." Tukaongea kwa kunong'ona mpaka mjomba alipoaga.

Basi lala, kaka. Mungu akulinde mpaka kuche huko kwenu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Ithungu